Habari za Mkate wa Viazi wa Watu wa Norwe

Katika kitabu hiki cha yubilee mmekwisha kusoma habari za makanisa na shule zetu, na za wazee waliotutangulia. Mimi nimeombwa niandike habari moja ya watu wa kaskazini ya Ulaya, ambao baadhi ya wana na binti zao walikuja kutumika katika nchi yetu, kama wale Wanorwe walioanzisha hospitali ya Haydom katika wilaya ya Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955. Wengine walinishauri niandike juu ya merikebu zao za kale na vita vyao. Nimechagua mkate. Jina lake ni lefse, nao ni mkate mwembamba wa viazi ulaya, usio na chachu wala usiopikwa tanuruni. Katika mkate huo zimo njaa, na vita, na safari za baharini, na kazi ya wachungaji waliopanda viazi katika mashamba yao wenyewe; tena imo kazi ya wanawake wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Na msomaji akiisha kuzisoma habari hizi, aweza kuingia jikoni akajaribu.

Mtu wa kwetu akiiona lefse mara ya kwanza atasema, “Chapati hii.” Ndivyo nilivyosema mimi nilipoandaliwa chakula katika nyumba ya muuguzi mmoja Mnorwe, mama mtu mzima, siku moja ya Noeli. Yule mama akacheka, akasema, “Mwalimu, ishike kwanza.” Nikaishika. Ilikuwa pana kuliko sahani, nyembamba kama kitambaa, yenye madoa ya kahawia, na ilipokunjwa mara nne haikupasuka. Akaipaka siagi, akanyunyiza sukari, akaikunja na kunipa, nami nikala tatu kabla sijakumbuka adabu ya mgeni. “Unga ni kidogo,” akaniambia, “yaliyosalia yote ni viazi.” Tangu siku ile nilianza kuuliza habari zake na kuzisoma vitabuni, na haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata.

Yafaa kwanza tuifahamu nchi yenyewe. Norwe ni nchi ndefu ya milima na miamba, na bahari imeingia kati ya milima hiyo kama vidole virefu. Katika kila sehemu 100 za ardhi yake ni kama 3 tu zilimwazo. Kiangazi chake ni kifupi. Zamani ngano haikustawi sana huko, ila shayiri, na nafaka nyingine ya nchi za baridi iitwayo oti, kwa kuwa hizo huvumilia baridi na kuiva upesi. Sasa kila mwoka mikate ajua ya kuwa unga wa namna hiyo hauumuki kama unga wa ngano. Ukitia chachu, donge hukaa pale pale kama jiwe. Kwa hiyo watu wa Norwe hawakushindana na unga wao. Waliusukuma ukawa mwembamba sana, wakauoka juu ya jiwe bapa au bamba la chuma lililowashiwa moto chini yake. Huo ndio mkate waliouita flatbrød, maana yake mkate bapa. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu Mswidi aliyekuwa akikaa Roma kwa sababu ya mageuzi ya dini katika nchi yake, alichapisha kitabu kikubwa cha habari za mataifa ya kaskazini, na ndani yake mna picha ya wanawake wakifanya mikate ya namna hii. Basi kazi yenyewe ni ya kale.

Mkate huo haukuokwa kila siku. Vinu vingi vya kusagia vilikuwa vidogo, vimejengwa juu ya vijito vya milimani, navyo havikuzunguka wakati maji yalipoganda kwa baridi, wala yalipokauka. Vilizunguka theluji ilipoyeyuka, na tena mvua ziliponyesha kabla ya baridi kuu. Kwa hiyo unga ulipatikana kwa wingi mara moja au mbili katika mwaka, na kuoka kukafanyika hapo, siku baada ya siku. Palikuwa na wanawake mafundi wa kazi hiyo, nao huitwa kwa Kinorwe baksterkoner, ambao walitoka shamba hata shamba wakiitwa na wenye nyumba. Waliketi katika kijumba cha moto kilichojengwa mbali kidogo na nyumba kubwa, kwa hofu ya nyumba kuungua, wakasukuma na kuoka tangu alfajiri hata usiku, moshi ukiwachoma macho. Mikate ilipokauka ilipangwa mmoja juu ya mwenziwe, safu ndefu kama vitabu, ikawekwa ghalani. Na ghala yao, iitwayo stabbur, ilisimamishwa juu ya nguzo ili panya wasipande. Mzee yeyote wa kwetu aliyepata kujenga ghala ya mahindi ataielewa bila kuonyeshwa picha. Mkate mkavu wa namna hii ulikaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, usiharibike.

Lefse ni ndugu ya mkate huo. Tofauti yao ni kwamba flatbrød huokwa hata ikauka na kuvunjika kama kigae, bali lefse hutolewa motoni ingali laini. Hapo kwanza lefse nayo ilifanywa kwa unga mtupu, na hata leo ziko namna nyingi zisizo na viazi. Katika Hardanger huikausha, na wakati wa kula huilowesha maji na kuifunika kwa nguo mpaka ilainike. Katika Salten, huko kaskazini, hutia ndani yake mchuzi wa jibini ya kahawia. Mtu akikuambia kwamba lefse ya kweli ni ya namna moja tu, ujue amekulia katika bonde moja tu.

Viazi, je, vilitoka wapi? Si vya Ulaya tangu asili, ijapokuwa sisi twaviita viazi ulaya. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walivilima kwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika. Katika karne ya 16 vilivuka bahari, vikaenea polepole. Katika Uswidi, Jonas Alströmer alivipanda Alingsås mwaka 1724. Na mwaka 1746 mama mmoja, Eva Ekeblad, alionyesha jinsi ya kupata unga na pombe kali katika viazi. Mwaka 1748 wataalamu wa Akademia ya Sayansi ya Uswidi walimchagua kuwa mmoja wao, mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo. Norwe ilivipata viazi katikati ya karne ile ya 18.

Ilivipata, walakini haikuvipokea kwa furaha. Watu wengi walivitilia shaka. Kwa nini mtu ale kitu kimeacho gizani chini ya udongo, ambacho baba zake hawakukila, wala hakitajwi katika Maandiko? Tena majani yake na vitunda vyake vya kijani vina sumu, na mtu aliyeonja vya juu badala ya vya chini hakuwa na hamu ya kuonja mara ya pili. Twaweza kuwacheka, lakini sisi tuliokuwapo mbegu mpya zilipoletwa vijijini mwetu twayajua maneno yaliyosemwa barazani.

Hapo ndipo walipotokea wale ambao Wanorwe wamewapa jina la potetprester, yaani wachungaji wa viazi. Katika ufalme wa Denmark na Norwe wa siku zile mchungaji alikuwa na shamba la usharika, naye aliishi kwa shamba hilo. Watu waliokuja kanisani Jumapili walipita kando ya ua wake, wakayaona yaliyomea humo. Kwa hiyo mchungaji alihubiri juma zima, apende asipende. Ajulikanaye kuliko wengi katika hao ni Peder Harboe Hertzberg (1728–1802), mchungaji wa Finnås katika kisiwa cha Bømlo, magharibi ya Norwe. Alivijaribu viazi katika ardhi yake, akayaandika aliyoyaona, na mwaka 1774 kikatoka kitabu chake cha kuwafundisha wakulima wa Norwe habari za tunda la ardhini lifaalo sana, jinsi ya kulipanda na jinsi ya kulitumia. Angalieni mwaka huo. Mavuno ya miaka iliyotangulia yalikuwa mabaya, na mwaka 1773 watu wengi mno walikufa. Mchungaji aliyekiandika kitabu kile alikuwa ametoka kuzika.

Nanyi walimu, nawaomba mtazame jambo moja hapa, kwa kuwa si rahisi kuonekana. Kitabu cha wakulima kingalisaidia nini kama wakulima hawakujua kusoma? Mwaka 1736 ilitolewa sheria katika ufalme ule kwamba kila kijana apate kipaimara, na kwa ajili hiyo ajifunze mafundisho. Mwaka 1739 ikafuata amri ya shule za mashambani. Shule zenyewe zilikuwa duni. Mahali pengi hapakuwa na nyumba ya shule kabisa, bali mwalimu alizunguka na mfuko wake toka shamba hata shamba, akafundisha katika chumba kile kile ambamo watu walipika na kulala, kisha akaenda kwa jirani. Malipo yake yalikuwa madogo. Walimu hawa walifundisha watoto kusoma katekisimo, hawakufikiri habari za viazi. Lakini miaka 35 baadaye palikuwa na wakulima walioweza kufungua kitabu cha Hertzberg wenyewe, na kumsomea jirani asiyejua. Mimi naona ya kuwa walimu wale wana sehemu yao katika mkate huu, wala sijaona mahali waliposhukuriwa.

Hata hivyo vitabu peke yake havikuwageuza watu. Walichogeuziwa ni njaa. Norwe ilitegemea nafaka iliyotoka Denmark, ng'ambo ya bahari. Mwaka 1807 Waingereza waliupiga mji wa Copenhagen kwa mizinga, serikali ya Denmark na Norwe ikajiunga na Napoleon, na manowari za Waingereza zikaifunga bahari. Vita hivyo viliendelea mpaka mwaka 1814. Mavuno ya 1808 yalikuwa machache, na mwaka 1809 ukawa mwaka wa mauti. Mwaka 1812 mavuno yakaharibika tena. Watu walibandua magome ya miti, wakayakausha na kuyasaga, wakayachanganya na unga kidogo uliobaki ili tumbo lione limejaa. Wako waliovuka bahari kwa mashua ndogo mpaka Denmark kutafuta magunia machache ya shayiri, wakijificha wasionwe na manowari. Henrik Ibsen alitunga utenzi juu ya mtu wa namna hii, jina lake Terje Vigen, ambaye alikamatwa alipokuwa karibu kufika kwake na nafaka ya mkewe na mtoto wake. Utenzi huo ulitoka mwaka 1862, na wakati huo walikuwapo bado wazee wa pwani walioikumbuka ile bahari iliyofungwa.

Hata chumvi ilikosekana. Hans Nielsen Hauge, yule mkulima mhubiri aliyetiwa gerezani tangu 1804 kwa sababu ya mahubiri yake, alifunguliwa kwa muda mwaka 1809 ili asaidie kuweka mahali pa kuchemshia maji ya bahari ipatikane chumvi. Naliona neno hili kuwa la ajabu: serikali iliyochoka kumsikia ilimwita kwa ajili ya vyungu vyake.

Katika miaka hiyo watu hawakuuliza tena kama viazi vimetajwa katika Maandiko. Kishamba cha viazi kililisha watu wengi kuliko kishamba kama hicho cha shayiri, navyo vilikubali kupandwa hata katika vipande vya udongo kati ya mawe, ambamo jembe la kukokotwa na farasi halikupita. Vita vilipokwisha, kilimo chake kikaenea karibu nchi nzima. Faida nyingine ni kwamba viazi viliwaponya watu na kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kutoka damu uwapatao wakosao mboga na matunda wakati wa baridi.

Sitaficha upande wa pili. Sheria ya mwaka 1816 iliwaachia wakulima watengeneze pombe kali majumbani mwao, na viazi ambavyo mchungaji alivileta kwa ajili ya chungu viliingia katika mtambo. Kwa miaka kama 30 ulevi uliharibu nyumba nyingi, mpaka sheria mpya za miaka ya 1840 zilipoifunga mitambo midogo.

Basi mama wa nyumba, mwenye unga kidogo na viazi vingi, alifanya nini? Alivichemsha viazi, akaviponda, akavitia katika donge lake la mkate ili unga uende mbali. Hii ndiyo asili ya lefse ya viazi: kubana unga. Jambo hilo lilifanyika katika majiko mengi, kila bonde kwa namna yake. Na wale akina mama wakagundua jambo ambalo hawakulitafuta. Wanga ulio katika viazi ukiisha kuiva huyashika maji, wala hauyaachi upesi. Kwa hiyo mkate wenye viazi ulikuwa mwororo kuliko wa unga mtupu, ukakunjika bila kuvunjika, na watoto wakaupenda kuliko ule mzuri wa zamani.

Sasa tuvuke bahari pamoja nao. Tarehe 4 Julai 1825 merikebu ndogo iitwayo Restauration ilitoka Stavanger na watu 52 waliohamia Marekani, ikafika New York tarehe 9 Oktoba. Njiani mtoto mmoja alizaliwa. Katika miaka 100 iliyofuata walihama Wanorwe zaidi ya 800,000. Ili tupate kuipima hesabu hiyo, tukumbuke kwamba mwaka 1801 watu wote wa Norwe walihesabiwa wakawa kama 883,000. Katika merikebu za matanga kila msafiri alijichukulia chakula chake cha majuma mengi, na makasha ya Wanorwe yalijaa ule mkate mkavu wa ghalani.

Huko Wisconsin, na Minnesota, na Dakota, walikuta ardhi pana na ngano nyingi. Unga mweupe, ambao kwao ulikuwa wa sikukuu na wa wenye mali, ukawa wa kila mtu, na ng'ombe wakatoa siagi na malai. Hivyo lefse ya viazi ikanenepa. Ikahama pia mahali pake: iliyokuwa chakula cha kubania unga ikawa chakula cha Noeli. Katika sharika nyingi za Kilutheri za majimbo hayo hufanyika karamu kila mwaka majira ya baridi yanapokaribia, na chakula chake ni lefse pamoja na lutefisk, samaki mkavu aliyeloweshwa katika maji ya magadi makali kisha akaoshwa sana. Majuma machache kabla ya siku hiyo wanawake, na siku hizi wanaume pia, hukusanyika katika jiko la kanisa: wengine humenya, wengine huponda, wengine husukuma, na wazee wenye mkono mwepesi hugeuza juu ya chuma. Fedha ya karamu huingia katika kazi za usharika. Mwaka 1983 watu wa mji mdogo wa Starbuck, katika Minnesota, walioka lefse moja yenye upana wa karibu meta 3 na uzito wa karibu kilo 32. Sidhani kwamba ilikuwa tamu kuliko ile ya upana wa sahani, ila furaha yao naielewa.

Katika Norwe yenyewe viazi viliitwa tena kazini wakati Wajerumani walipoitawala nchi ile, mwaka 1940 mpaka 1945. Unga uligawiwa kwa kipimo, na watu wa mijini walipanda viazi hata katika bustani za maua. Leo lefse hupatikana madukani, imekwisha kuokwa, na ndugu yake mdogo aitwaye lompe huuzwa njiani akiwa amezungushiwa soseji. Lakini wako bado waokao nyumbani, hasa kabla ya Noeli.

Nasi tuingie jikoni. Twaa viazi kilo 1, siagi gramu 50, malai vijiko 3 vikubwa, chumvi kijiko 1 kidogo, na unga wa ngano gramu 200 mpaka 250. Kadiri hiyo yatoa lefse 15 hivi. Chagua viazi vilivyokomaa, vikavu, ambavyo vikichemshwa hupasuka na kuwa kama unga. Viazi vichanga havifai, kwa kuwa vina maji mengi na huteleza. Uvichemshe pamoja na maganda yake, visinywe maji, kisha uvimenye vingali moto, vidole vitalalamika. Uviponde papo hapo mpaka pasibaki kibonge hata kimoja, maana kibonge kidogo kama punje ya mtama kitautoboa mkate wakati wa kusukuma. Wanorwe hupitisha viazi katika chombo chenye matundu madogo. Chujio imara la bati lafaa vile vile. Visipondwe kwa nguvu muda mrefu, la sivyo vitavutika kama ulimbo. Siagi, malai na chumvi vitiwe wakati viazi vingali moto. Unga usitiwe bado.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Mara ya kwanza niliona uvivu kungoja, nikatia unga viazi vikiwa vuguvugu. Donge likanata mikononi. Nikaongeza unga, likanywa, likanata tena, nikaongeza, likanywa. Mke wangu alitazama kimya, kisha akaniuliza kama nafanya mkate au gundi ya kubandikia matangazo ya usharika. Mkate tuliopata ulikuwa mgumu, kwa sababu ulikwisha kuwa wa unga kuliko wa viazi. Baadaye yule muuguzi alinieleza: viazi vyenye joto hutoa mvuke, na mvuke ndani ya donge ni maji. Yafaa vitandazwe katika chombo kipana, vipoe bila kufunikwa mpaka mvuke wote utoke, kisha vilale mahali pa baridi hata asubuhi. Asubuhi, wakati chuma kinapata moto, ndipo utie unga na kukanda kidogo tu, kiasi cha kushikamana. Tena usikande lote ukaliacha, kwa kuwa chumvi huvuta maji ya viazi na donge hulegea kadiri likaavyo. Kanda sehemu, sukuma, oka. Kisha kanda sehemu nyingine.

Ukate vidonge kama mayai ya kuku. Kibao cha kusukumia kifunikwe kwa nguo nene ya pamba, ivutwe sana, ikapakwe unga mpaka uingie katika nyuzi. Mti wa kusukumia wa Wanorwe umechongwa mifereji midogo ili donge lisinate. Sisi twaweza kuuvika mti wetu wa chapati kitambaa safi chenye unga. Sukuma toka katikati kwenda nje, kwa mkono mwepesi, mpaka uone kama kivuli cha nguo chini yake. Sasa, mtu akijaribu kuinyanyua kwa vidole, itapasuka. Kwa ajili hiyo wana kijiti kirefu chembamba, bapa kama rula ya shule lakini kirefu kuliko hiyo, ambacho hupenyezwa chini katikati. Lefse huning'inia pande mbili kama nguo juu ya kamba, kisha hukunjuliwa juu ya chuma. Fundi seremala wa kijijini aweza kukichonga kwa muda wa saa moja.

Chuma cha Wanorwe ni bamba pana la mviringo, na siku hizi wengi wana la umeme. Tawa kubwa la chapati juu ya jiko la makaa latosha. Lisipakwe mafuta kabisa. Liwe na moto mwingi, hata ukinyunyiza unga kidogo ugeuke kahawia upesi. Moto ukiwa mdogo, lefse itakauka kabla haijapata madoa, nawe utakuwa umefanya ule mkate wa ghalani bila kukusudia. Vipovu vitaponyanyuka na madoa kuonekana chini, geuza. Kila upande hautaki hata dakika moja. Baada ya kila lefse futa chuma kwa kitambaa kikavu, kwa maana unga ubakiao huungua na kutia uchungu katika zifuatazo. Ukiitoa, iweke juu ya kitambaa na uifunike kwa kingine, na inayofuata juu yake, zote zikae pamoja humo ndani. Zikitoka motoni huonekana kavu kidogo, na mtu asiyejua hukata tamaa. Lakini zikikaa pamoja mvuke wake huzilainisha, na baada ya nusu saa zaweza kukunjwa kama leso.

Huliwa kwa siagi na sukari, na wengine hutia mdalasini. Wengine hula na jibini, au samaki. Zikifunikwa vizuri zakaa siku chache tu, maana viazi si shayiri kavu. Na lefse ya kwanza aghalabu huharibika, kwa kuwa chuma hakijapata moto sawasawa. Yule muuguzi hakuitupa. Aliipaka siagi kama zile nzuri, akawagawia watoto waliosimama mlangoni, nao walijua siku zake za kuoka kuliko sisi watu wazima.